Mwenyekiti wa Kijiji Kilichogeuka Bandari

Watu wa kijiji kile walimwita Mwenyekiti, nami sina sababu ya kumwita vingine. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la ukoo pia, lakini nje ya kanisa sikumbuki kusikia mtu akiyatumia. Wakwe zake walimwita Mwenyekiti, watoto wa shule walimwita Mwenyekiti. Wapo waliolitamka neno hilo kwa heshima na wapo waliolitamka kama mtu anayetema ganda la njugu. Aliwaitikia wote kwa sauti moja.

Nilipangiwa pale, nikiwa bado msichana, kuwa mtendaji wa kijiji, kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Nimekulia Bukoba mjini, kwenye nyumba ya Waislamu wauza vitambaa, na shamba letu pekee lilikuwa mchicha uliopandwa kwenye makopo uani. Kijiji chenyewe kiko ukingoni mwa ziwa, upande wa Muleba, ukishaipita Kemondo. Wakati huo gari lilikushusha barabara kuu, ukateremka kwa miguu kati ya migomba na mibuni mpaka uone maji. Anayekwenda leo ataona lango, uzio, makontena yaliyopangwa kama matofali na jengo la vioo ambalo vijana hukaa mbele ya kompyuta mpaka jua linazama. Hatajua kwamba chini ya zege lile palikuwa na vibanja, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na ndani ya vibanja watu walizika wazee wao.

Siku ya kwanza Mwenyekiti alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

“Mtendaji, umekuja kukaa au umekuja kupita?”

“Nimekuja kukaa, mama.”

“Basi kesho nitakuonyesha mipaka ya kijiji. Hivyo viatu viache nyumbani.”

Tulizunguka kutwa nzima. Kila kibanja alinieleza kama mtu anayetambulisha ndugu zake: huyu mgomba wake uliangukia kwa jirani wakaacha kusalimiana, yule ana kahawa nzuri lakini hana mikono ya kuichuma, huyu amefunga nyumba yuko Kahama. Tuliporudi nilikuwa nachechemea. Alinikalisha barazani kwake, akaleta beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaniambia niweke miguu. Kisha akakaa akichambua maharage, kana kwamba kuosha miguu ya watumishi wa serikali ni sehemu ya kazi za kijiji.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa mtu anayechelewa hata kama hachelewi. Mfukoni hakukosa buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa kwa namna ya Wahaya, amezifunga kwenye kitambaa. Walipokuja wagomvi ofisini, aliwagawia kwanza. Aliyetaka kuanza kusema kabla ya kupokea aliambiwa asubiri. “Kinywa kikiwa na kazi, masikio yanasikia,” alisema. Niliwahi kuwaona ndugu wawili walioshikana mashati njiani wakikaa mbele yake wanatafuna kimyakimya kama mbuzi, na walipofika kwenye maneno, maneno yalikuwa yamepungua.

Mikutano aliiendesha kwa Kiswahili, tena Kiswahili kilichonyooka, kwa sababu alisema Kihaya kina njia nyingi mno za kumtukana mtu kwa adabu. Akikasirika, hata hivyo, alirudi kwenye Kihaya, na hapo wazee waliinamisha vichwa. Kelele zikizidi hakupaza sauti. Alisimama tu, mikono nyuma, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakanyamaza. Baada ya mkutano alitaka watu wasalimiane. “Maneno ya mkutanoni tuyaache mkutanoni, waitu, ndugu zangu. Njiani kuna habari za kuulizana.”

Ramadhani yangu ya kwanza pale ilinikuta mpweke. Nilikuwa Mwislamu pekee katika kitongoji kile cha Wakatoliki, na nilikuwa nimejiandaa kufuturu kwa chai na mkate wa dukani. Jioni ya kwanza Mwenyekiti alifika mlangoni na sufuria iliyofungwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na ndizi zilizopikwa na sato.

“Nimepika mwenyewe,” alisema. “Samaki wa ziwani, hana wa kumchinja. Kula.”

Aliendelea hivyo mwezi mzima, na mikutano yote akaihamishia asubuhi. Mjumbe mmoja alipolalamika kwamba asubuhi ana shamba, alimjibu kwamba shamba halifungi.

Wakati huo huo alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Alichukia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa chuki ya mtu aliyeona ndoa nyingi zikizama humo. Aliwafukuza wanywaji vilabuni kwa fimbo ya mbuni. Lakini kibanja chake ndicho kilichotoa ndizi bora za kutengenezea rubisi kijijini, na wapikaji wa pombe walikuja kuzinunua kwake kila wiki. Nilimwuliza siku moja, kwa utani.

“Mimi nauza ndizi,” alisema bila kucheka. “Wanachokwenda kufanya nazo wataungama wenyewe.”

Na lingine hili. Kabla mnara wa simu haujajengwa, mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe kubwa nyuma ya kanisa. Jumapili baada ya misa watu walipanga foleni pale. Mwenyekiti alikuwa na watoto wanne: mmoja Mwanza, wawili Dar es Salaam, mmoja Geita kwenye machimbo. Alipanda jiwe, akaweka simu kwenye spika, akazungumza nao wote kwa zamu huku foleni nzima ikisikiliza na kutoa maoni. Alipigania mnara ule kuliko mtu yeyote. Alikwenda wilayani mara nyingi mpaka walinzi wakamzoea. Mnara ulipowaka, hakuna aliyepanda jiwe tena, na wiki chache baadaye alinilalamikia kwamba sasa hajui habari za watu. “Kila mtu amejifungia ndani na simu yake,” alisema. “Mtoto wa jirani yangu amepata kazi, nimesikia baada ya mwezi.”

Watu wengi wamedhani alitaka bandari kwa sababu ya sifa. Mimi nilikaa naye karibu, na naamini sababu yake ilikuwa moja na ya wazi. “Nimezaa wanne,” aliniambia siku tulipokuwa tukirudi kutoka kwenye mazishi ya mzee ambaye wanawe wote walifika na basi la asubuhi na kuondoka na la jioni. “Wote nawasikia kwenye simu. Kijiji hiki kinazaa watu wa Mwanza. Kungekuwa na kazi hapa, wangeondoka kwenda wapi?”

Kwa hiyo habari ziliposhuka kwamba serikali inatafuta mahali pa kujenga bandari mpya ya mizigo, pamoja na kituo cha teknolojia kwa ajili ya vijana wa mkoa, Mwenyekiti hakulala. Aliita mkutano, akaueleza mradi kwa moto kana kwamba ni yeye aliyeuchora. Meli zingebeba kahawa moja kwa moja. Barabara ingewekwa lami mpaka majini. Mkongo wa intaneti ungefika. Ndege ndogo zisizo na rubani zingepeleka dawa visiwani, hata Goziba, ambako mgonjwa husubiri boti na boti husubiri hali ya hewa. Wenye mashaka hakuwasikiliza vizuri. Hilo lilikuwa kosa lake, na wengine hawakumsamehe. Aliwaita wenye usingizi. Wanawake waanika dagaa walipouliza kuhusu mwalo wao, ule ufukwe wa boti na wa kuanikia, aliwajibu haraka kwamba mwalo hautaguswa.

Kisha wapima ardhi wakaja. Walikuwa vijana wastaarabu, wenye kofia na viatu vizito, na walirusha droni juu ya kijiji kwa siku kadhaa. Watoto waliikimbilia mpaka mwalimu mkuu akachoka. Walipomaliza walituita kwenye darasa la shule ya msingi, wakafunika madirisha kwa mablanketi, wakaonyesha picha ukutani.

Sitasahau ile picha ya kwanza. Hakuna aliyewahi kukiona kijiji kutoka juu. Kilikuwa kizuri. Migomba ilionekana kama manyoya ya kijani, na ziwa likakaa pembeni kama bati jipya. Kisha mtu akatambua paa lake, mwingine akatambua ng’ombe wake, na kicheko kikaenea. Mwenyekiti mwenyewe alisimama akagusa ukuta kwa kidole: “Hapa ni kwangu. Tazama, hata kamba ya nguo inaonekana.”

Mzee mmoja nyuma akauliza, “Na hivyo vyeupe katikati ya migomba ni nini?”

Kijana wa upimaji alitazama. “Tulidhani ni matangi ya maji, mzee. Au misingi ya nyumba.”

Yalikuwa makaburi. Kila kibanja kilikuwa na yake, yamesakafiwa na kupakwa chokaa, madogo na makubwa, na mstari mwekundu wa mradi ulipita juu yake kuanzia mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Watu walianza kutoka bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mwenyekiti akiachwa na mkutano.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Nyumba watu walikubali kulipwa. Migomba na mibuni walikubali. Makaburi walikataa, na kadiri maafisa walivyoeleza sheria ndivyo watu walivyozidi kunyamaza. Mhaya hamwachi mzazi wake nyuma kama chungu kilichopasuka. Niliwasikia wakisema maneno hayo dukani, kisimani, kwenye foleni ya zahanati. Mradi ukaanza kutajwa kwamba utahamia kwingine.

Ndipo Mwenyekiti akasema atahamisha makaburi yake kwanza. Mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na mama mkwe wake kando yake.

Shemeji yake alipopata habari alikuja na wazee watatu wa ukoo. Huyu shemeji alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu, mkavu, aliyekuwa akitembea na kiti chake cha kukunja ili asikalie kiti cha mtu asiyempenda. Siku hiyo alikikunjua uani kwa Mwenyekiti, naye Mwenyekiti akaniita nije kama shahidi wa serikali.

“Wewe ulikuja hapa na sanduku,” mzee alimwambia Mwenyekiti. “Ulipokelewa vizuri, hukupigwa, hukufukuzwa. Lakini kaburi si lako.”

“Mume alikuwa wangu,” Mwenyekiti alisema. “Nilimwosha mimi, nikamvisha mimi.”

“Ulimvisha. Sisi tulimzaa. Kibanja hiki ni cha ukoo, na mwanamke hakigawi.”

“Sigawi. Namhamisha mtu wangu nimpeleke mahali ambapo hatapitiwa na malori.”

“Kwa nini malori yaje?”

“Ili watoto wawe na pa kurudi, shemeji. Watoto wako wako wapi? Wangu wako wapi? Tunawalindia nani hii ardhi?”

Mzee hakutikisika. Alisema kwamba mrithi wa kibanja, kwa mila, ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Huyo asipokubali, hakuna jembe litakalogusa udongo. Wazee wenzake wakaitikia. Nilimtazama Mwenyekiti, nikaona kwamba amefurahi, kwa sababu hapo alikuwa na hakika. Mwanawe wa Mwanza, ndiye huyo wa kwanza, alikuwa kipenzi chake. Mara ngapi alikuwa ameniambia kwamba bandari ikianza huyu ndiye atakayerudi kwanza, ana leseni ya magari makubwa.

Alitoa simu, akampigia, akaiweka kwenye spika kama zamani kule juu ya jiwe. Alimweleza yote kwa utulivu, akamwambia baba yake mkubwa yupo na wazee wapo, wanasikia.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake tulisikia honi za magari.

“Mama,” alisema, “hamisheni tu. Fanya unavyoona. Mimi sina tatizo na kibanja.”

“Husemi hivyo kwa ajili yangu tu?”

“Hapana. Ukweli ni kwamba mimi huko sitarudi kuishi, mama. Hata bandari ikija. Nimejenga huku, watoto wanasoma huku. Nilitaka nikwambie siku moja, sikupata nafasi.”

Wazee waligeukia kuku waliokuwa uani. Hata yule shemeji, ambaye alikuwa amekuja kupigana, alitazama chini. Kijana aliita “Mama? Unanisikia?” na yeye akajibu, “Nakusikia, baba. Salimia wajukuu,” akakata simu.

“Mmemsikia mrithi,” aliwaambia wazee.

Shemeji alikunja kiti chake. Alisema kwamba siku makaburi yatakapofunguliwa yeye hatakuwapo, na kwamba kuanzia saa ile hamjui tena Mwenyekiti. Wakaondoka. Nilimtafuta Mwenyekiti nyuma ya nyumba, nikamkuta kati ya mibuni anachuma kahawa. Ilikuwa mbichi, changa mno, haikufaa hata kuchemshwa kwa kutafuna. Alichuma mpaka kikapu kikafika nusu. Nilimshikia tawi.

Siku ya kuhamisha makaburi padre alikuja mapema, na mafundi, na mganga wa wilaya, na majeneza mapya mafupi. Watu walisimama mbali, nyuma ya ua wa minyaa, wengi wao wakiwa wamekuja kuona kama kitatokea kibaya. Mwenyekiti alivaa nguo zake za misa. Walifungua kaburi la mama mkwe, kisha la mumewe. Mumewe alizikwa na miwani yake, na miwani ilikuwapo, kioo kimoja kizima. Fundi hakujua aifanye nini. Mwenyekiti aliipokea, akaifuta kwa pindo la kitenge, akamrudishia. “Iwekeni karibu na kichwa,” alisema.

Mafundi walipoanza kukusanya sepeto zao, aliwaambia bado. Akaenda hatua chache, kwenye mgomba mzee uliokuwa ukiegemezwa na mti, akaonyesha chini.

“Na hapa.”

“Hapa hakuna kaburi, mama,” alisema mganga. “Kwenye picha hapana kitu.”

“Kuna mdogo. Hakufika wiki. Hatukumsakafia.”

Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka yote hiyo, na sikuwahi kujua. Baadaye niligundua kwamba hata wanawake wa umri wake wengi hawakujua. Walichimba taratibu, kwa mikono zaidi kuliko jembe, na hawakupata kitu ila udongo uliokuwa mweusi kuliko mwingine. Fundi alimtazama. “Basi chukueni udongo,” Mwenyekiti alisema, na padre akavua kofia yake.

Nyuma ya ua mtu alianza kuimba wimbo wa mazishi kwa Kihaya, sauti ya mwanamke, nyembamba, na wengine wakaingia. Walibeba majeneza mpaka makaburi mapya ya kijiji, juu kwenye rweya, mahali pa nyasi na upepo, na waliobeba walikuwa wale wale waliokuja kutazama. Shemeji hakuonekana. Wiki iliyofuata familia ya kwanza ilikuja ofisini kuuliza utaratibu, na baada yake nyingine. Hakuna aliyesema kwamba ni kwa sababu ya Mwenyekiti. Walisema tu kwamba mvua zinakaribia.

Mengine mnayaona wenyewe mkipita. Bandari ilijengwa. Kijiji kililia mwanzoni kwa vumbi na baadaye kwa kelele, kisha kikazoea. Vijana waliopata leseni wanaendesha mashine za kubeba makontena, na wasichana waliosoma wako kwenye jengo la vioo. Kweli droni huruka asubuhi kuelekea visiwani, na wauguzi wa huko huzisubiri kama tulivyokuwa tukisubiri basi. Wapo waliojenga nyumba za wageni kwa fidia zao. Wapo waliokunywa fidia yote wakabaki na kandambili.

Mwalo wa dagaa uliguswa. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwa wanawake wale, akasimama katikati ya chanja zao. “Niliwaambia hautaguswa,” alisema. “Nilikosea. Nilisema nisilolijua.” Mama mmoja alimtukana, naye akasimama pale pale mpaka mwisho. Kisha alianza safari za wilayani upya, na baada ya muda mrefu wanawake wakapewa ukanda wa ufukwe upande wa pili wa uzio. Ni mwembamba na uko mbali na nyumba zao. Dagaa wanakauka, lakini wanawake wanatembea zaidi.

Uchaguzi uliofuata alishindwa. Watu wengi niliowauliza walisema hawakuwa na ugomvi naye, ila walikuwa wamechoka, na walipomwona walikumbuka makaburi. Wengine walisema alikula hela za mradi. Hilo najua si kweli, kwa kuwa niliona alikohamia. Aliyemshinda alikuwa kijana mwenye pikipiki nne za kukodisha. Matokeo yalipotangazwa, Mwenyekiti alimpa mkono, akamkabidhi muhuri, kisha akampeleka ofisini kumwonyesha mahali paa linapovuja na namna ya kusogeza meza mvua ikinyesha. Kijana alikuwa amejiandaa kwa fujo, na alibaki amesimama na muhuri mkononi kama aliyepewa mtoto wa mtu.

Mimi nilihamishiwa Bukoba mwaka huo huo. Tulipigiana simu mara kwa mara, halafu mara chache, kama inavyokuwa.

Mara ya mwisho kumwona ni juzijuzi. Nilikuwa nimekwenda bandarini kupokea mzigo wa vitambaa vya dada yangu, na ulipochelewa kutolewa nikapanda boda mpaka juu kwenye rweya, walikohamishiwa watu. Rweya si kibanja. Udongo wake ni mwekundu na mwepesi, wa njugumawe na mikaratusi, na migomba ikipandwa pale hudumaa. Nyumba zimepangwa kwa mistari, za bati, zinafanana. Ya kwake niliitambua kwa sababu ndiyo pekee iliyozungukwa na migomba, mifupi, lakini ya kijani, na chini ya kila mmoja kuna lundo la samadi na majani makavu.

Alikuwa ameinama anatandaza majani. Alikuwa amezeeka. Mabega yalibaki, ila shingo ilikuwa imezama katikati yake. Aliponiona alijipangusa mikono.

“Mtendaji. Umenenepa.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nyegera, karibu. Kaa hapo kivulini. Sina samaki leo.”

Tulikaa. Aliniuliza habari za mama yangu, za kazi, za mume. Niliuliza za watoto. Wa Mwanza alikuja Krismasi, akakaa siku chache, wajukuu wakapenda kutazama meli. Wa Geita amehamia Zambia. Alisema hayo bila kulalamika, akitafuta buni kwenye kitambaa chake na kunigawia.

Toka pale unaona bandari yote chini: kreni, maji, boti zinazotoka. Tulitazama. Nikamwuliza jambo nililokuwa nimelibeba muda mrefu, kama angejua mwanzo kwamba watoto hawatarudi, angeikubali bandari?

Alitafuna kwanza.

“Sijui,” alisema. “Huwa nawaona wale wasichana wanaoshuka kazini jioni. Mmoja ni wa yule mama aliyenitukana mwaloni. Anapita hapa, ananiamkia, anakwenda kulala kwa mama yake. Yule si wangu, lakini amelala kwao.” Akaelekeza kidole bandarini. “Halafu usiku zile taa. Hakuna giza tena huku, mwanangu. Siwezi kulala vizuri.”

Hapo nikasikia kikohozi kutoka ndani, kikohozi kirefu cha mwanamume. Nilimtazama. Yeye alikuwa ameshasimama, anaelekea jikoni, akamimina uji kwenye kikombe kutoka sufuria iliyokuwa mekoni.

“Una mgeni?”

“Shemeji.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Alinieleza huku anapuliza uji. Fidia ya mzee ilichukuliwa na wanawe wa Dar es Salaam, walisema wanamwekezea, hawakuonekana tena. Alikaa peke yake nyumba ya mwisho ya mstari. Msimu wa mvua aliugua, hakuna aliyejua mpaka majirani walipoona mlango haufunguki.

“Mkapatana?” niliuliza.

“Hatujapatana. Anaumwa.”

Alifungua pazia la chumba. Mzee alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, mrefu mpaka miguu ilivuka ukingo wa kitanda, na macho yake hayakuwa na nguvu tena. Aligeuza uso kuelekea mlangoni.

“Nani huyo?” aliuliza.

“Mtendaji.”

“Yule aliyekuja kufukua makaburi na wewe?”

“Ndiye huyo huyo,” Mwenyekiti alisema, akamwinua mgongo kwa mkono mmoja na kumsogezea kikombe mdomoni. “Kunywa. Halafu vuta miguu, apate pa kukaa.”

Mzee alikunywa. Alichukua muda wake, akameza, akafuta ndevu. Kisha akavuta miguu.